Majani Yaliyopakwa

Mgeni anayekuja na bunda la nguo hupewa kiti. Anayekuja na sanduku amelikumbatia kama mtoto mchanga, hataki mtu aliguse, huyo hutazamwa mikono kwanza. Bi Suzon Mazauric alimtazama mikono Bwana Perrichet tangu aliposhuka kwenye mkokoteni: mikono myeupe, kucha safi, kidole kimoja kina doa la njano lisilotoka kwa sabuni. Mtu asiyelima, asiyechunga na asiyeuza kitu, alijiambia, anakula nini kama si cha wengine?

"Ni chumba cha mbuzi tu, mama," alisema mwanawe Élisée. "Mbuzi wenyewe tumeshauza. Kitakaa tupu mpaka lini?"

"Chumba kitupu hakimli mtu."

"Analipa faranga ishirini kwa mwezi."

"Ndiyo maana nauliza. Ni nani mwenye akili zake atoe faranga ishirini alale kwenye harufu ya beberu?"

Élisée akaenda kufagia chumba. Mwenye shida hachagui mpangaji. Katika milima ile ya Cévennes watu wote walikula kwa mgongo wa kiwavi wa hariri, na mforosadi, ambao majani yake ndiyo chakula chake, waliuita mti wa dhahabu. Lakini kwa miaka mingi sasa viwavi walikuwa wakifa. Walitokwa na madoa meusi mwilini, kana kwamba mtu amewanyunyizia pilipili manga, wakanyong'onyea, wakaoza juu ya vichanja kabla ya kusokota hata uzi mmoja. Watu waliuita ugonjwa wa pilipili. Wachuuzi waliwaletea mayai mapya, yale wenyewe waliyoyaita mbegu, kutoka Italia, kisha kutoka mbali zaidi, mwishowe kutoka Japani, na kila mwaka bei ilipanda na viwavi wakafa vilevile.

Akina Mazauric walikuwa wamebakiwa na ngazi tatu za shamba la mlimani na nyumba. Mwaka ule hawakuwa na pesa ya kununua mbegu za mchuuzi. Walikuwa na zao wenyewe, walizozipata kwa viwavi wachache waliopona mwaka uliotangulia. Mbegu zile zikikataa, shamba litakwenda, na Élisée atashuka kwenye machimbo ya makaa ya mawe, ambako vijana wa bondeni waliingia weupe wakatoka weusi, na wengine hawakutoka kabisa.

Ndiyo maana mgeni aliingia na sanduku lake.

*

Ndani ya sanduku mlikuwa na hadubini. Bwana Perrichet alisema ametumwa na mkubwa wake, mtaalamu wa Paris aliyeweka kambi kule mjini Alès kuchunguza ugonjwa. Bi Suzon alisikia neno "ametumwa" akaona limemtosha. Babu zake, Waprotestanti, waliwahi kuwekewa askari wa mfalme Mkatoliki majumbani mwao, nao pia walisema wametumwa. Tena huyu alikuwa Mkatoliki.

Wiki ile Rosine, mke wa Élisée, alikuwa akipasha mbegu moto. Kwa watu wale kazi hiyo ni ya mwanamke: mbegu hutiwa katika kifuko cha kitambaa, zikavaliwa kifuani mchana kutwa, na usiku mtu hulala nazo, mpaka zianze kuanguliwa. Aliyezivaa hagombani, haendi msibani, habebi mzigo mzito. Bwana Perrichet alipolisikia hilo macho yalimtoka kwa furaha.

"Mama," Rosine aliingia jikoni akishikilia kifua kwa mikono miwili, "yule bwana anauliza mbegu zina joto kiasi gani."

"Mwambie zina joto la mke wa mtu."

"Anasema ana kijiti cha kioo cha kupimia. Anasema nikiweke mwenyewe, yeye atageuka ukutani."

"Ageuke na aendelee kugeuka mpaka Paris!"

Rosine alicheka mpaka akaogopa kuziamsha mbegu. Bi Suzon hakucheka. Jioni ile, walipoketi kwenye mchuzi wa chestnati, kokwa za miti ya mlimani, alimtazama mgeni, akasema, "Kitendawili."

Bwana Perrichet hakujua ajibu nini, Rosine akamnong'oneza, "Sema tega."

"Tega."

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai," alisema Bwana Perrichet papo hapo, kama mtoto wa shule.

"Mji mzima wa Paris haujui. Ni kifuko cha hariri anachojisokotea kiwavi. Yai halijengwi na anayekaa ndani. Mimi nimesema nyumba yangu."

Mgeni aliweka kijiko chini akafikiri. "Kweli. Nimekosea."

Bi Suzon alipenda kusema kwamba mtu hajulikani kwa anavyopatia, hujulikana kwa anavyokosea. Lakini hakuwa amepata kumsikia mwanamume mwenye kola akisema "nimekosea" upesi hivyo. Shaka yake ikaongezeka. Aliyekubali deni haraka, mara nyingi hana nia ya kulipa.

*

Viwavi walianguliwa, weusi na wembamba kama nyuzi, wakapandishwa darini penye vichanja na mioto ya pembeni. Huko juu haingii mgeni. Hapigi mtu mluzi, wala hasemi wamependeza, kwa kuogopa kijicho. Bwana Perrichet aliambiwa hivyo mara moja, naye akatii, hakukanyaga ngazi. Alikuwa na viwavi wake mwenyewe, wa mbegu alizoletewa kutoka Alès, na aliwalea mle ndani ya chumba cha mbuzi katika sinia mbili, moja kulia na moja kushoto.

Ukuta wa chumba kile ulikuwa na tundu ambalo mbuzi zamani walitolea vichwa kula. Siku moja Bi Suzon alipitisha jicho lake pale. Akamwona mgeni ametoa nondo wakavu, wale vipepeo watokao kwenye vifuko vya hariri, kutoka kwenye karatasi, nondo waliokufa zamani, anawasaga katika kinu kidogo, anatia maji. Kisha akachukua brashi laini, akaanza kuyapaka majani ya mforosadi lile tope, jani kwa jani, taratibu, kama mtu anayempamba bibi harusi. Alipomaliza akayaweka mbele ya viwavi wa sinia ya kulia. Wakala.

Bi Suzon hakubisha hodi.

"Unafanya nini humu ndani?"

"Nawalisha, bibi."

"Unawalisha maiti!"

"Karibu, keti, nikueleze."

"Nitasimama. Aliyesimama hukimbia vizuri."

Bwana Perrichet akaweka brashi chini. Alieleza kwamba ndani ya miili ya nondo wagonjwa kuna punje ndogo mno, zinazoonekana kwa kioo tu. Wataalamu wengi, na hata mkubwa wake hapo mwanzo, walidhani punje hizo ni alama ya ugonjwa, kama jasho kwa mwenye homa. Lakini je, kama punje ndizo ugonjwa wenyewe? Sasa viwavi wa kulia wanakula majani yenye punje, wa kushoto majani masafi. Mengine yote ni sawasawa: hewa ileile, joto lilelile, mkono uleule.

"Na wakifa?"

"Wakifa wa kulia na wa kushoto wakapona, tutakuwa tumejua."

"Mimi najua tayari. Ukimlisha mdudu uchafu wa sumu atakufa. Jambo hilo linahitaji mtu atoke Paris?"

Bwana Perrichet alicheka, na hapo ndipo alipoharibu. "Si sumu, bibi. Sumu haizaliani. Kitu hiki, nadhani, kina uhai."

"Kina uhai, hakionekani, na kinaua." Bi Suzon alitikisa kichwa. "Kitu hicho kwetu kina jina. Tunahubiriwa habari zake kila Jumapili."

"Njoo utazame mwenyewe."

"Sitii jicho langu mahali nisipojua kitakachonitazama."

Habari zilifika kwa Barthélemy kabla ya maziwa kuchacha. Barthélemy alikuwa binamu wa marehemu mume wa Bi Suzon, mchuuzi wa mbegu, mnene, mwenye vifungo vya shaba vilivyosetwa na tumbo. Alikaa jikoni akapewa kikombe.

"Shemeji, nikuulize. Bonde zima likiuguliwa, ni nani anayefaidi?"

"Sema wewe."

"Anayeuza dawa. Leo anapaka ugonjwa kwenye majani. Kesho atakuja na mbegu 'safi' za serikali, na bei ataweka yeye. Mimi nimefanya biashara, naijua harufu ya biashara."

Bi Suzon aliona ni kweli. Aliona pia kwamba bonde likiuguliwa anayefaidi mwingine ni mwuza mbegu, kwa maana kila mwaka watu hununua upya. Alimshuku Barthélemy pia. Kwenye shaka hakuwa na upendeleo. Lakini Barthélemy alikuwa ndugu, na shaka ya ndugu hufunikwa na kitambaa, kama mkate.

*

Lililomkera zaidi lilikuwa wale viwavi wenyewe. Yeye alikuwa amelea viwavi tangu hajaota meno ya utu uzima. Kwake kiwavi aliugua kwa sababu ya hewa nzito, jani la maji, moto uliolala, au mkono usio na upendo. Mgonjwa huondolewa penye baya, akapewa hewa njema na jani la asubuhi, akapona au asipone kama Mungu apendavyo. Kumwona mtu anawaua makusudi, na wako hai, wanainua vichwa kuomba chakula! Akiwachukua akawaponyesha, basi yule bwana ataumbuka mbele ya bonde zima: ugonjwa ulikuwa mkono wake tu.

Jumapili, Bwana Perrichet alikwenda misa Alès na Élisée na Rosine wakaenda kanisani kwao. Bi Suzon alisema goti linamuuma. Walipopotea kwenye kona aliingia chumba cha mbuzi, akateka konzi moja ya viwavi kutoka sinia ya kulia, akawatia kwenye aproni, akapanda nao darini. Aliwaweka kichanja cha juu kabisa karibu na bomba la moshi, penye joto jema, akawapa majani machanga aliyoyachuma mwenyewe.

"Kuleni, wanangu," aliwaambia. "Hapa hakuna brashi."

Kesho yake Bwana Perrichet alimfuata kisimani. "Bibi, kwenye sinia yangu ya kulia wamepungua."

"Panya."

"Panya aliyechagua sinia moja?"

"Panya wa huku ni wa Kiprotestanti," alisema Bi Suzon akiinua ndoo. "Hawapendi kuamriwa wale wapi."

Mgeni alimtazama kitambo. Kisha akamsaidia ndoo, naye Bi Suzon akaona ni afadhali angemtukana.

*

Viwavi walijivua ngozi mara ya tatu, wakajivua ya nne, wakawa wanene kama kidole, na sauti ya kula kwao ikajaa nyumba nzima. Ndipo pilipili ilipotokea. Katika chumba cha mbuzi, sinia ya kulia iliharibika yote; ya kushoto ilikuwa nyeupe safi, kila kiwavi anang'aa. Bwana Perrichet alitembea uani akizungumza peke yake.

Darini, wale wa kichanja cha juu walikufa mmoja baada ya mwingine licha ya jani la asubuhi na hewa njema. Bi Suzon aliwaokota kwenye aproni, akawatupa motoni. Haya, sumu ya brashi imewamaliza, alijiambia, si nilisema? Lakini asubuhi iliyofuata aliinama kwenye kichanja cha chini yake. Viwavi wa pale walikuwa wake mwenyewe, wa kifua cha Rosine, hawajaona brashi wala tope. Akawakuta watatu wana madoa, kisha wanane, kisha akaacha kutazama.

Alikaa kwenye ngazi, mikono mapajani. Sumu haitembei. Aliyekula hufa, na jirani yake aliyelala karibu huamka mzima. Hata uchungu wa uyoga mbaya haurithiwi na aliyeketi meza moja na aliyeula. Kitu gani basi hiki, kilichoshuka kutoka kichanja hiki kwenda kile?

Aliwaondoa wenye madoa kimyakimya. Lakini Élisée alimwona mmoja, akashuka ngazi kwa miruko hadi chumba cha mbuzi.

"Umepanda juu!"

"Sijapanda," alisema Bwana Perrichet.

"Unaniambia nini? Tangu tuwapashe moto hawakuwa na hata doa. Unakuja wewe na vinu vyako, leo wana pilipili!"

"Bwana Élisée, sijakanyaga ngazi yako. Uliniambia nisipande, sikupanda."

Barthélemy alikuwa ameshasimama mlangoni. Alikuwa na kipaji cha kufika. "Muulize mama yako. Yeye yuko nyumbani siku zote."

Wote watatu wakamgeukia Bi Suzon, aliyekuwa amemfuata mwanawe uani. Rosine naye, kutoka dirishani.

"Mama, umemwona akipanda?"

Neno lilikuwa dogo. Hapana. Angelisema, lingetosha. Lakini baada ya hapana lingekuja swali jingine, na hilo halikuwa na jibu dogo.

"Mimi sikai mlangoni siku nzima," alisema.

Élisée akamwambia mgeni afungashe. Mavuno yakiisha asionekane. Bwana Perrichet alivaa kofia, akavua, akavaa tena. Alimtazama Bi Suzon vilevile alivyomtazama kisimani.

*

Na hapo likatokea jambo ambalo hakuna aliyelitarajia: viwavi waliobaki walipanda. Walipanda matawi makavu waliyowekewa, maelfu yao, wakasokota, na baada ya siku chache dari lote lilijaa vifuko vya rangi ya asali, vigumu, vizito, vizuri kuliko vyote vilivyoonekana bondeni kwa miaka mingi. Majirani waliosikia walikuja kusimama barabarani, hawakusifu, wakaenda zao kwa wivu wa heshima.

Barthélemy alikuja na mizani.

"Sivitaki vya kiwandani," alisema, akikiviringisha kifuko kimoja mkononi. "Nitavinunua vyote vya mbegu. Niwaache nondo watoke, watage, niuze mayai bonde zima. Mbegu za Mazauric! Nitakupa mara tatu ya bei ya kiwanda."

Élisée aliketi. Mara tatu. Hiyo ilikuwa shamba, ilikuwa mbuzi, ilikuwa kwaheri ya makaa ya mawe. Rosine alifunika mdomo kwa shali.

"Mama, unasikia?"

"Nasikia."

Barthélemy alikuwa ametundika kapu la kwanza kwenye mizani Bwana Perrichet alipoingia jikoni bila kuitwa, hadubini kifuani.

"Msiviuze kwa mbegu," alisema.

"Nilisema! Sikusema?" Barthélemy alipiga paja. "Niliwauliza ni lini huyu atataja bei yake. Haya, itaje, bwana."

"Sina bei. Viuzeni kiwandani, uzi ni mzuri. Lakini nondo walio ndani ni wagonjwa, na mayai yao yatazaliwa na ugonjwa. Nimewatazama."

"Umewatazama wapi?" Élisée alisimama. "Vifuko vyangu umevipata wapi?"

"Mimi nilimpa," alisema Rosine. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini hakuinamisha kichwa. "Vichache, kila kichanja. Amevitia joto karibu na jiko lake, nondo wakawahi kutoka. Mbegu nilizivaa mimi, Élisée. Nilitaka kujua nilibeba nini."

"Kioo chake humwonyesha anachokitaka," alisema Barthélemy.

"Basi kikuonyeshe na wewe. Tazama."

"Mimi natazama kwa macho niliyopewa na Mungu."

Bi Suzon akafuta mikono kwenye aproni. "Leta."

Aliinama. Mwanzoni aliona giza na kope zake mwenyewe. Kisha mwanga ukatulia, akaona: punje, zinang'aa, zote zimefanana, kama shayiri iliyomwagwa sakafuni, nyingi kiasi kwamba hapakuwa na mahali pa kukanyaga. Bwana Perrichet akabadilisha kipande cha kioo, akaweka cha nondo wa sinia yake ya kushoto. Bi Suzon akatazama tena. Sakafu ilikuwa imefagiwa.

"Haya," Barthélemy alisema, akikaza sauti ya mwanasheria. "Tuseme punje zipo. Bwana huyu anasema ugonjwa ni punje, na punje lazima ziletwe. Anasema pia hakupanda juu. Sasa zilifikaje huko? Ziliota mabawa? Ama alipanda, naye ni mwongo, ama hakupanda, na habari yake ya punje ni hadithi. Achague!"

Bwana Perrichet akakitoa kile kipande cha kioo kwenye hadubini.

"Sijui," alisema. "Ndicho kinachoninyima usingizi. Sijui zilifikaje."

"Hajui!" Barthélemy alirudi kwenye mizani. "Élisée, shika kapu."

Élisée akashika kapu.

"Liweke chini," alisema Bi Suzon. "Nilizipandisha mimi."

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo ilimbidi aseme yote, na kusema yote mbele ya mkwe ni kazi ngumu kwa mama mwenye nyumba. Alisema habari ya Jumapili na goti lisilouma. Alisema konzi moja, kwenye aproni ileile. Aliposema "panya," uso ulimwaka.

Bwana Perrichet hakukasirika. Alisogea karibu kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali. "Uliwaweka kichanja gani?"

"Cha juu, penye bomba."

"Na walioanza kuugua?"

"Wa chini yao. Mavi yaliwadondokea kwenye majani, wakala. Kisha wa chini ya hao."

"Hawakuonja majani yangu? Hata mara moja?"

"Wangeyaonjea wapi? Walikula majani yangu mimi, niliyoyachuma kwa mikono hii."

Mgeni akaketi juu ya kapu tupu, likalia chini yake. "Kumbe inatembea," alisema. "Kutoka mmoja kwenda mwingine. Inatembea yenyewe."

Élisée alikuwa akimtazama mama yake. "Ukaniacha nimwite mwongo. Ukasimama pale, ukaniacha."

"Nilikuacha."

Barthélemy alisogeza kiti, akateremsha sauti, na kwa mara ya kwanza Bi Suzon alimsikia akiongea bila kelele. "Shemeji. Hapa tuko ndugu watupu, huyu mmoja ni mpita njia. Vifuko vinang'aa, mtu yeyote atasema hivyo. Mama mtu mzima ameota ndoto kuhusu panya, yamekwisha. Naongeza bei. Mara nne."

"Na watakaonunua?"

"Watajua masika ijayo, na masika ijayo shamba lako liko salama."

"Ulijua," alisema Bi Suzon polepole. "Mbegu zote zile za kila mwaka. Ulijua ni mbovu."

"Sikujua kitu! Mimi sina kioo." Barthélemy aliinua mikono. "Na asiyetazama hana kosa."

Bi Suzon alifikiri juu ya bonde, nyumba kwa nyumba: akina Rouvière waliouza hata kengele za kondoo, mjane Puech na wasichana wake. Wangenunua. Jina la Mazauric lingewafanya wanunue. Na mwaka ujao wangesimama mbele ya vichanja vyao wakishuku hewa, wakishuku jani, wakishukuana wao kwa wao.

"Chukua mizani yako," alisema.

"Jumapili kanisani nitawaambia nani aliyeleta ugonjwa kwenye dari la Mazauric. Kwa mkono wake. Tuone nani atakaa nawe benchi moja."

"Waambie. Na uwaambie ulitaka kuvinunua kwa kiasi gani."

Alitoka na mizani yake ikigongana mlangoni. Walimsikia barabarani akimsimamisha mtu wa kwanza.

Bi Suzon akaburuta sufuria kubwa mpaka juu ya meko. Vifuko vikipitishwa kwenye mvuke, mdudu hufa ndani, uzi hubaki, na kiwanda hununua. Mayai hayatoki tena. Rosine alianza kuyapanga makapu bila kuambiwa, midomo ameikaza.

"Bibi," alisema Bwana Perrichet, "wa sinia yangu ya kushoto watataga. Ni wachache, lakini ni wazima. Kila nondo nitamtagisha kwenye kitambaa chake peke yake, kisha nitamtazama, na mayai ya mgonjwa nitayachoma. Yatakayobaki nitakupa, ya mwakani."

"Kwa bei gani?"

"Bure."

"Hiyo bure ndiyo inayonitisha," alisema Bi Suzon. Akapuliza makaa. "Lakini utanionyesha kila nondo. Mmoja mmoja. Macho yangu, si yako."

"Mmoja mmoja."

Maji hayakuwa yameanza kuimba bado. Élisée alikuwa amesimama katikati ya jiko, akitazama yale makapu ya rangi ya asali, shamba lake lote pale sakafuni. Hakumtazama mama yake. Alivuta koti kwenye msumari, akatoka, mlango ukabaki wazi nyuma yake, na Bi Suzon aliisikia miguu yake ikivuka ua kuelekea barabara ya machimbo. Hakumwita. Alikoroga moto, akashika kapu la kwanza, akangoja mvuke.

Hatua zilirudi. Élisée aliingia kwa mgongo akiusukuma mlango, mikono imejaa kuni, akazishusha kando ya meko, akapiga goti kuziingiza moja baada ya nyingine.

"Hizi mbichi zitatoa moshi," alisema. "Sogea, mama."